Tsafdina katika Talmudi ni kiseyeye?

Msomi_wa_Kiaramu
Wakuu, naandika tasnifu kuhusu tiba katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya marabi wa Kiyahudi. Nimechagua tsafdina, ugonjwa wa fizi uliompata Rabi Yohanan wa Tiberia (vitabu vya Talmudi Yoma, ukurasa 84a, na Avoda Zara, 28a). Wengi wanasema ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Niandike hivyo niendelee na dawa? Na mbona dawa zenyewe hazilingani?

Jani_la_Mzeituni
Usianze na jina la ugonjwa linalotumika hospitalini leo. Anza na dalili, nazo ni mbili tu: ukigusa meno, damu inatoka fizini, na ugonjwa unaanzia mdomoni ukaishia tumboni. Visababishi vinavyotajwa ni chakula: mkate wa ngano na wa shayiri ulio moto au baridi kupita kiasi, na viporo vya samaki. Kiseyeye kinaingia hapo, lakini fizi hutoka damu kwa maradhi mengi.

Kuna hoja moja mbovu uikwepe: "dawa zao hazina vitamini C, kwa hiyo hakikuwa kiseyeye." Dawa isiyofaa haithibitishi chochote kuhusu ugonjwa.

Kokwa
Hazilingani kwa sababu si maelekezo ya mganga mmoja. Katika kisa chenyewe, bibi mmoja wa Kirumi aliyemtibu Rabi Yohanan alimwapisha asitoe siri ya dawa. Akaapa "kwa Mungu wa Israeli sitaifichua", kisha akaenda kuifundisha hadharani: kumbe alimaanisha hatamfichulia Mungu, lakini watu wa Mungu atawafichulia. Ujanja mtupu. Ajabu ni kwamba dawa yenyewe haikuandikwa, ndipo marabi wa baadaye wakauliza: bibi alimpaka nini? Mmoja akasema maji ya chachu, mafuta ya zeituni na chumvi. Mwingine, chachu yenyewe badala ya maji yake. Wa tatu, mafuta ya bata bukini yapakwe kwa unyoya wake.

Mwishoni Abaye, rabi wa Babeli, anasema alijaribu zote asipone, hadi Mwarabu mmoja alipomwelekeza achukue kokwa za zeituni changa, azichome juu ya jembe jipya, abandike fizini. Hapa fungua macho. Abaye ni wa nusu ya kwanza ya karne ya 4. Mafuta ya bata yananasibishwa na Rav Ashi, rabi mwingine wa Babeli, aliyefariki karibu mwaka 427, au na mwanawe. Abaye angeijaribuje? Neno "zote" limepata maana hiyo kwa mkono wa wahariri waliopanga kauli hizi. Sura hiyo ya tasnifu ina uzito kuliko kubahatisha jina la ugonjwa.

Vipimo vya dawa hizi havipo kabisa. Linganisha na kitabu kingine cha Talmudi, Gittin 68b, ambako "damu ya kichwa" inatibiwa kwa kumiminia vikombe 300 upande huu wa kichwa na 300 upande ule.

Jani_la_Mzeituni
Naongezea: kisa hiki kiko katika vitabu viwili, kisome kila kimoja mahali pake. Yoma inauliza kama dawa ya kinywa yaruhusiwa siku ya Sabato. Avoda Zara inauliza kama Myahudi atibiwe na asiye Myahudi. Ukizichanganya utapoteza sababu ya kisa kuhifadhiwa.

Majina ya wasemaji hubadilika kati ya hati moja ya mkono na nyingine. Usitegemee toleo la kuchapwa peke yake. Fungua hati ya mkono ya Talmudi iitwayo Munich 95, iliyonakiliwa 1342, na unapolinganisha taja hati pamoja na ukurasa.

Msomi_wa_Kiaramu
Shukrani wakuu. Na atakayeniuliza kama dawa hizi zitumike?

Kokwa
Mpe jibu la Sherira Gaon, mkuu wa chuo cha marabi Babeli katika karne ya 10: marabi wale hawakuwa matabibu, na dawa zao zisitumike bila daktari kuthibitisha kuwa hazidhuru.