Sauti inagoma kukaa ndani ya biti, nimejaribu kila kitu

mistari_chumbani
Wakuu habari zenu. Nina kistudio changu chumbani, maiki ya kondensa, intafesi ndogo (ya kuunganisha maiki na kompyuta) na hedifoni, spika bado sijapata. Shida yangu ni hii, nikisikiliza sauti peke yake naiona safi kabisa, nikiwasha biti tu mambo yanaharibika, ama inazama kwenye sneya (ile ngoma kali) na kinanda, ama nikiipandisha inakaa juu kama mtu anasoma tangazo halafu nyuma yake kuna redio inapiga. Nimeweka ikyu (ya kupandisha na kushusha besi au ukali), kompresa (ya kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), riverbu (mwangwi wa chumba), nikaongeza kompresa nyingine, wapi. Biti ni MP3 moja, sina vipande vyake, yaani kila ala peke yake.

Panaponiumiza zaidi ni mwisho wa vesi ya pili, nasema "simama", ile s inachoma sikio afu "mama" yote inapotea. Na hii ngoma nimemwandikia marehemu kaka yangu, hilo ndo neno la mwisho kwenye vesi, nataka lisikike hata kwenye kisimu kibovu. Naombeni msaada.

FundiFada
Pole sana mkuu kwa kaka. Kabla hujagusa plagini yoyote (hizo ikyu na kompresa za kwenye kompyuta) angalia mita ya biti yako, mi nina uhakika inagonga karibu na sifuri, yaani kikomo cha juu, muda wote. Hiyo biti ilishafanyiwa mastaringi (kazi ya mwisho ya kuipa ngoma sauti kubwa), imekandamizwa mpaka mwisho, sa we unataka kuingiza mtu kwenye chumba ambacho hakina pa kukanyaga. Ishushe desibeli 6 au hata 8, usiogope kwamba imekuwa ndogo, sauti kubwa inakuja mwishoni kabisa. Wengi tunafanya kinyume, tunapandisha sauti kuifata biti, mwisho wa siku kila kitu kinapasuka.

Afu weka ikyu kwenye biti, siyo kwenye sauti. Maneno yanaeleweka zaidi kati ya hezi 2000 na 4000 na hapo hapo ndo sneya na kinanda vimekaa, punguza desibeli 2 tu, 3 ikizidi sana. Kama ikyu yako inaweza kufanya kazi katikati peke yake bila kugusa pembeni fanya hivyo, maana sauti yako iko katikati, vya kushoto na kulia viache vibaki na upana wake. Na kama unayo ile inayojishusha pale unapochana tu na kurudi ukinyamaza, tumia hiyo.

Ila pia muombe prodyuza vipande, au hata WAV tu (faili lisilobanwa kama MP3). Kwenye MP3 sahani na hai-hati (vyuma vya drams) zinakuwa kama zinamwagika maji, na ukizidisha kukandamiza ndo zinajitokeza vizuri.

dada_miksa
Naongezea kwenye "simama" maana hapo nimeteseka sana na mimi.

Kwanza kaka yangu, umekata besi ya sauti kuanzia wapi? Video nyingi za mafunzo ni za watu wanaochana Kiingereza, unaiga mipangilio yao kama ilivyo kumbe lugha yetu imejaa m na n, na m nguvu yake kubwa iko chini huko, karibu na hezi 250 hivi. Ukikata mpaka 200 kwa mteremko mkali m inabaki kivuli. Rudisha iwe 80, ikizidi sana 100. Kama kuna tope (sauti nzito isiyoeleweka) tafuta kati ya 250 na 400, punguza kidogo tu.

Pili, maneno yetu karibu yote yanaisha na irabu na mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, siMAma, kwahiyo ile "ma" ya mwisho inaanguka yenyewe, na ukiwa mwisho wa mstari pumzi nayo imeisha. Kompresa haitakuokoa hapo kwasababu inashika vikubwa, afu ukirudisha nguvu s nayo inapanda. Fanya kwa mkono. Kata hilo neno kwenye rekodi, kipande cha s kishushe desibeli 4 au 5, "ma" ya mwisho ipandishe 3, unganisha vizuri isisikike mkato, NDIO kompresa ije. Ni kazi ya kuchosha, vesi nzima inaweza kula saa zima, lakini hakuna plagini inayojua neno gani ni la kaka yako.

Na ukirekodi tena kaa shubiri moja toka kwenye maiki, igeuze kidogo isikutazame mdomo moja kwa moja, s zinapungua zenyewe. Tundika blanketi nzito nyuma yako pia.

besi_nzito
Riverbu toa yote kwanza mkuu. Chumba chako kimeshaingia kwenye maiki, ukiongeza chumba kingine juu yake sauti inarudi nyuma. Tumia dilei ndogo (sauti inayojirudia baada ya muda mfupi), chukua 60,000 gawanya kwa kasi ya biti (mapigo kwa dakika), kama ni 90 unapata milisekunde 667, nusu yake 333, hiyo nusu iweke chini sana mpaka ukiizima ndo unagundua ilikuwepo. Kata besi kwenye hiyo dilei.

Na sikiliza kwa sauti ya chini kabisa, mono (kushoto na kulia vikiwa kitu kimoja), ikiwezekana kwenye spika ya simu. Hedifoni zinadanganya kwenye hili.

mistari_chumbani
Nimerudi wakuu. Nilikuwa nimekata kwenye 220 😔 nimeshusha mpaka 90 na m zimerudi zote. Biti nimeshusha 7, kompresa ya pili nimetoa. "Simama" nimeikata vipande vitatu kama dada alivyosema, nimeweka kwenye simu nikaiacha mezani nikaenda mlangoni, neno nimelisikia mpaka mwisho. Sina la kusema, asanteni sana.

Moja tu limebaki, hilo neno nataka kulirudia na sauti ya pili, niweke wapi?

dada_miksa
Rekodi mara mbili upya, usinakili ile ile. Moja kushoto moja kulia, besi kata mpaka 200, hapo sawa kwasababu ya katikati ndo inabeba m. Zote mbili ziwe chini ya ile kuu kama desibeli 8, na s zifute kabisa ibaki "imama", s moja ya katikati inatosha. Ukimaliza iweke hapa tuisikie.