Speaking ya IELTS: nikiulizwa kuhusu kuimba naganda, naombeni msaada

AltoWaUyole

Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya, Uyole, nafanya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kiingereza, mwezi ujao kwa ajili ya maombi ya masters, ada nishalipa na nauli ya kushuka Dar nishaitenga kwaiyo hakuna kurudi nyuma. Kusoma na kusikiliza sina wasiwasi sana, shida yangu ni kuongea, na hasa mada moja ambayo ndo imenifanya nifungue huu uzi, KUIMBA.

Jumamosi shoga yangu mmoja ambaye ni mwalimu alinikalisha jikoni kwake, akaweka simu mezani irekodi, akawa ndo mtahini. Kaniuliza naishi wapi, nafanya kazi gani, nikajibu freshi tu. Akaja na unapenda kuimba? Nikasema "yes, I like". Basi. Akasubiri. Uliwahi kuimba shuleni? "Yes, I did". Tulipokuja kuisikiliza ile rekodi, hapo katikati ya maswali unasikia maharage yanavyochemka jikoni, sauti yangu haipo.

Kinachoniuma ni kwamba naimba kwaya kanisani huu mwaka wa sita, sauti ya pili, Jumanne na Ijumaa mazoezi, wimbo mpya naushika kwa nota kabla wenzangu hawajamaliza kuandika maneno. Yani kitu ninachokijua kuliko vyote ndo kinanifunga mdomo. Kwa hofu nimeanza kukariri jibu nililolikuta mtandaoni, refu, lina maneno mazito, linasema napenda kuimba nyimbo za mapenzi za kizungu nikiwa naendesha gari na mimi gari sina.

Sasa naomba kuuliza, nikariri tu hivyo hivyo? Na nikitaja kanisa inaweza kuniharibia? Na je nikimwimbia mtahini mstari mmoja pale, sauti nzuri inaongeza chochote au ndo naharibu kabisa?

Mnyalu_wa_Kihesa

Kamwene dada. Mimi ni nesi, nilifanya kwa ajili ya usajili wa Uingereza, wale walitaka alama 7 kati ya 9 kwenye kuongea, mara ya kwanza nikapata 6 nikarudia ndo nikaipata. Kwaiyo nakuambia nilichopitia.

Usiimbe. Alama zinatoka sehemu nne na zote zina uzito sawa, mtiririko wa kuongea kwako, msamiati, sarufi na matamshi. Sauti ya kuimba haimo, na zile sekunde unazoimba ni sekunde ambazo hujaongea. Mazungumzo yote ni dakika 11 mpaka 14, na maswali ya kuimba ya hivyo yanakuja sehemu ya kwanza ambayo ni dakika 4 mpaka 5 tu na humo ndani kuna mada nyingine pia. Kila swali lipe sentensi tatu nne zilizoshikana alafu muachie aendelee.

Hilo jibu la mtandaoni lifute leo leo. Mara ya kwanza ndo kilichoniponza, nilikuwa nimekariri, nikaanza kutiririka kama redio, akaniuliza swali dogo tu la nyongeza nikarudi kwenye kigugumizi. Wale watu kazi yao ni kusikiliza, wamefundishwa kumjua mtu anayesoma kutoka kichwani, na jibu la kukariri halikupi kitu.

Mara ya pili nikaulizwa kama niliimba shuleni. Nikamwambia habari ya mchakamchaka. Nilimweleza kwa kiingereza cha kawaida kabisa kwamba nimesoma msingi Iringa, mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu hata mgongo wa mwenzako mbele huuoni vizuri, vidole havikunji, tunakimbia kuzunguka uwanja mmoja anaimbisha na sisi wote tunaitikia, na wimbo ndo ulikuwa unatupa joto na kutuwekea hatua pamoja. Nilikosea kosea humo, najua, lakini sikusimama hata mara moja kwa sababu nilikuwa naona kabisa ule uwanja. Mwenyewe nilishangaa.

Kanisa taja bila wasiwasi. Hupimwi unaamini nini, unapimwa unavyoeleza. Ila usigeuze jibu kuwa mahubiri, baki kwenye kuimba.

Ticha_Tukuyu

Nafundisha kiingereza sekondari huku Rungwe, naomba niongezee upande wa matamshi na sarufi maana kwenye mada hii ya kuimba kuna mitego inayotupata sana sisi waswahili.

Wa kwanza ni neno lenyewe, sing. Wengi wetu tunasema "singi" na "songi", tunabandika irabu mwishoni kwa sababu maneno yetu ndo yanaishia hivyo. Ile sauti ya mwisho tunayo, ni ng' ya ng'ombe. Sema ng'ombe alafu ishia kwenye ng' usifike kwenye o, hapo ndo sing inapoishia. Na singer inabeba hiyo hiyo ng' ya ng'ombe, ila finger inabeba ng ya ngoma. Wanafunzi wangu nikiwaambia hivi wanaipata siku hiyo hiyo, na inanifurahisha kila mwaka kwa sababu inatoka kwenye lugha yao wenyewe.

Wa pili ni th. Kama kwenye kiswahili unasema selasini badala ya thelathini (na huku kwetu tupo wengi), basi "I think" inatoka "I sink" na thing inageuka sing. Kwenye mada hii ndo balaa, msikilizaji hajui unasema kitu au unasema imba. Hesabu kwa sauti thelathini, thelathini na moja, ulimi ukigusa meno, dakika tano kila siku. Lafudhi yako ya kitanzania wala usiifiche, haikatwi alama, kinachotakiwa ueleweke bila mtu kuhangaika.

Alafu kuna kucheza. Sisi tunacheza mpira na tunacheza ngoma, neno moja, ila kiingereza mpira ni play na ngoma ni dance, na gitaa tunalopiga wao wanali-play. Nishasikia mtu anasema "we beat the music and play" akimaanisha walipiga muziki wakacheza, mzungu hapo ameshapotea. Na ukimzungumzia mama au bibi ni she mpaka mwisho wa habari, yeye yetu haibagui kwaiyo katikati ya stori ulimi unateleza kwenye he.

Na wewe AltoWaUyole, "yes, I like" iache, lazima useme unapenda nini, "I like it" au "I like singing". Miaka sita ya kwaya ambayo bado inaendelea sema "I have been singing in a choir for six years", hapo sarufi yako inaonekana bila kulazimisha.

kijana_wa_mwanjelwa

Na sisi ambao hatupendi kuimba? Mi sijawahi hata kuitikia

Mnyalu_wa_Kihesa

Mdogo wangu sema hupendi na useme kwa nini, ni jibu zuri kabisa. Labda darasani walikucheka, labda unapenda kusikiliza zaidi. Ukijilazimisha kusema unapenda, swali linalofuata atakuuliza unaimba lini na na nani, utatoa wapi?

AltoWaUyole

Ndaga fijo wote, mmeniondolea mzigo. Jana usiku nimeufuta ule ukurasa nikajirekodi upya. Safari hii sikuanza na kwaya, nimeanza na bibi yangu Kyela. Alikuwa akitwanga mpunga anaanzisha wimbo, anaimba mstari mmoja kwa kinyakyusa, sisi wajukuu tunaitikia, na mchi unashuka pale pale tunapoitikia, ukichelewa kuitikia anakuangalia. Niliongea dakika moja na sekunde arobaini bila kusimama. Nimekosea he na she mara mbili, Ticha umenisema kabisa.

Swali la mwisho, mchi na kinu kwa kiingereza ni nini? Pale nilikwama nikasema stick.

Ticha_Tukuyu

Mchi ni pestle, ile t haitamkwi, kinu ni mortar. Ila likikukimbia siku hiyo eleza tu kwamba ni mti mrefu mzito wa kutwangia, kuzunguka neno lililopotea nako kunahesabika kwenye msamiati. Na ukija sehemu ya pili ukapewa kadi ya kuelezea wimbo wa utotoni, unapewa dakika moja ya kujiandaa na karatasi ya kuandikia vidokezo, andika bibi, mchi, kuitikia, alafu ongea, una mpaka dakika mbili atakapokusimamisha. Huo wimbo wa bibi una maana gani lakini? Hapo ndo hujatuambia.

AltoWaUyole

Ticha kumbe na mimi sijui vizuri, nilikuwa naitikia tu. Bibi bado yupo, asubuhi nampigia.