Kuseti taimingi ya Celica: sikio, taa au niipeleke kwa fundi?

Chalii wa Kijenge
Habari za saa hizi wakuu. Nina Celica ST182, injini 3S-GE, nimeinunua ikiwa imekaa juu ya mawe muda mrefu, distribyuta (inayogawa cheche kwa plagi) ilishatolewa ikarudishwa hovyo, kwa hiyo taimingi, yaani muda wa cheche kuwaka, haieleweki. Ndo naanza kujifunza ufundi. Inawaka freshi, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, ila nikipanda kilima na gia ya nne inagonga kama misumari kwenye kopo. Jirani anasema nizungushe distribyuta mpaka injini iimbe, mwingine anasema taa ya taimingi, ile inayomweka kila cheche ikipiga. Hela ya taa inaniuma, nishaurini.

Baba Neema
Mdogo wangu, sikio ndo limenilea kwenye hii kazi ila hapo litakudanganya. Injini isipokuwa na mzigo inapenda cheche iwahi, ukizungusha rpm zinapanda, mlio unakuwa mtamu unajua umepatia kumbe umewahisha mno, sasa ukiikanyaga mlimani ndo kugonga kunaanza. Nilishatoboa pistoni hivyo hivyo, nimefungua hedi nakuta tundu katikati kama limechomwa na msumari wa moto, nikamlipa mteja.

Mama Spana
Taa, kaka. Na wala usinunue, azima. Injini ipate moto kabisa, AC zima, gia iwe nyutro, halafu kile kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS fungua uunganishe TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Hapo wengi wanaruka! Bila huo waya kompyuta inaongeza advansi yake (kuwahisha cheche) unasoma namba ya uongo. Bana taa kwenye waya wa plagi namba 1, umulike puli ya kranki, mkwaruzo wake upake Tipp-Ex uonekane. Unatafuta nyuzi 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa). Legeza distribyuta kidogo tu, isogeze unywele, kaza, pima tena maana ukikaza huwa inahama. Mwisho chomoa waya.

Mpare wa Majengo
Mimi nipo Moshi, sikio silitupi. Taa ikifa uko Makuyuni utafanyaje? Ila kabla hujalegeza kwaruza alama kwenye kitako cha distribyuta na hedi, ukipotea unarudi ulipotoka. Na kingine, Arusha ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, inasamehe advansi kidogo. Ukishuka nayo Tanga imejaa mzigo, itagonga hata kama Arusha ilikuwa kimya.

Baba Neema
Kwa alama hiyo nakuunga mkono. Ukiamua fundi, muulize kabla hajagusa: waya wa TE1 unaweka? Akishangaa, ondoka na gari yako.

Mama Spana
Nimesahau, puli za zamani mpira wa katikati huteleza, mkwaruzo unahama. Toa plagi namba 1, ingiza bisibisi ndefu taratibu, zungusha kranki kwa mkono mpaka bisibisi ifike juu kabisa, uone kama alama iko kwenye 0.

Chalii wa Kijenge
Nimerudi. Taa nimeazima Sakina, puli iko sawa, waya nimeweka, ikasoma nyuzi 19!! Nimeshusha hadi 10, mikono inatetemeka nikakaza mara tatu. Nimepanda Ngaramtoni gia ya nne, kimya. Sailensi imeshuka kidogo, hapo nafanyaje?

Mama Spana
Hiyo ndo yake halisi. Sasa skrubu ya hewa kwenye throto, zungusha robo robo.