Boti ya marehemu baba: nianze na mbao au nianze na injini? Naomba ushauri

MwanaZiwa, Goma

Wazee wangu na ndugu zangu mnaoijua kazi ya Ziwa Kivu, nawasalimu.

Ninayo boti ya mbao yenye urefu wa mita 9, iliyokuwa ya marehemu baba yangu, ambayo imekaa nchi kavu upande wa Keshero kwa miaka 4 sasa. Baba aliitumia jioni kuwavuta wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, yaani wavuvi wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja kwa nguzo ndefu, hadi kwenye maji ya kina, na alfajiri akawarudisha pamoja na samaki kabla jua halijawa kali. Injini yake imefungwa ndani, kuelekea nyuma: ni dizeli ya silinda mbili, nguvu za farasi 20, inayopozwa kwa maji yanayovutwa kutoka ziwani. Iliwashwa mara ya mwisho wiki moja kabla ya baba kulazwa hospitali.

Mwezi uliopita niliondoa hema lililoifunika. Nilikuta maji ya mvua yanayofika kwenye kifundo cha mguu, yakigusa miguu ya injini. Shafti, ile nondo inayotoka kwenye injini hadi nje majini, inazunguka kwa mkono kwa shida, kisha inakwama. Kwa nje rangi bado inavutia, lakini karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti, kuna nyufa mbili ambazo njiti ya kiberiti inapita bila kusukumwa.

Fundi wa kwanza amenishauri niivishe boti yote nyuzi za kioo na gundi, nisihangaike na mbao. Wa pili anataka injini itolewe kwanza, akisema huo ndio moyo wa boti. Kila mmoja anadai malipo ya awali, nami fedha nilizo nazo zinatosha jambo moja tu kwa sasa. Mama anaomba jambo moja, kwamba boti ya mumewe isiishie kuwa kuni. Je, nianzie wapi?

Fundi wa Mbao, Bukavu

Ndugu MwanaZiwa, pole kwa kumpoteza mzee. Usimlipe fundi yeyote hata franga moja kabla hujaijua hali ya mbao, kwa sababu injini nzuri ndani ya boti iliyooza huitikisa mpaka ikafumuka, lakini boti nzima isiyo na injini bado ni mali.

Yale maji yatoe leo. Watu wengi hudhani boti huozeshwa na ziwa, kumbe adui mkubwa ni maji ya mvua yanayotulia ndani, kwenye pembe zisizopitisha hewa. Kisha chukua nyundo ndogo na bisibisi nyembamba yenye ncha, ugonge kila ubao kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Ubao mzima hutoa sauti kavu. Uliooza hutoa sauti nzito, kama unagonga gunia la unga. Penye sauti nzito, choma kwa bisibisi. Anzia mahali palipofichika: chini ya miguu ya injini, mataruma, yaani mbavu za boti, yanapokutana na mkuku, na ubao wa nyuma unaopitisha usukani.

Tazama na misumari. Ukiona duara jeusi kuzunguka kichwa cha msumari, ujue chuma kinaliwa na kutu na kinaua ubao ulio karibu nacho. Utakapobadilisha, usivutwe na misumari ya shaba ya manjano inayong'aa, kwani zinki iliyomo hutoka polepole majini na msumari hubaki mwepesi kuvunjika. Misumari ya chuma iliyochovywa katika zinki iliyoyeyushwa inatosha kwa ziwa letu.

Zile nyufa zisikutishe mapema. Mbao zilizokaa miaka 4 nje ya maji zimenywea, na zikirudi ziwani zitavimba. Ukizijaza sasa kwa simenti au gundi ngumu, siku zitakapovimba hazitakuwa na pa kwenda. Zitasukumana na kung'oa misumari. Kalafati ya nyuzi za pamba, ile inayoshindiliwa kati ya mbao kuziba nyufa, ndiyo inayokubali kubanwa.

Dizeli 243

Nakubaliana na mzee wa Bukavu kuhusu mpangilio, ila injini isiachwe iendelee kufa wakati mbao zinashughulikiwa. Kwanza itenganishe na shafti, ili ujue ni kipi kati ya hivyo viwili kinachokwama. Ikiwa ni injini, usiilazimishe. Toa nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya injini, mimina mafuta kidogo ndani ya kila silinda, subiri siku mbili au tatu, kisha jaribu kuizungusha taratibu kwa mkono. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, nawe usithubutu kuiwasha kabla ya kujua yamepita wapi. Mazutu ya zamani, yaani mafuta ya dizeli yaliyo tangini, yamwage yote na tangi lioshwe. Lile gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji libadilishe hata kama linaonekana zima, kwa kuwa mpira uliokaa miaka 4 umeshakauka, na vidole vyake vikikatika huziba njia za maji.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: ziwa letu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na dizeli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake, kwa hiyo farasi 20 za kwenye kitabu ni kama 17 hapa. Rafadha, yaani panga linalosukuma boti majini, ambayo mafundi wetu huiita elisi, isiwe kubwa kuliko ile aliyoitumia baba yako. Maji nayo hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Usingoje mvuke ndipo uzime.

Mama wa Himbi

Mwanangu, umesema Keshero. Boti hiyo imewekwa kwenye shimo au mahali palipoinuka? Upande huo kuna mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Hainuki wala haionekani. Tumeokota kuku na mbuzi waliokufa hivyo. Usilale chini ya mkuku asubuhi na mapema, na usiende peke yako.

Msafiri wa Minova

Nataka kumjibu yule fundi wa nyuzi za kioo, kwa sababu mimi nilimsikiliza wa aina yake. Boti yangu ilipendeza kwa mwaka mmoja. Ubao uliokuwa na unyevu ulifungiwa ndani, ukaendelea kuoza bila mtu kuuona, na mwaka wa pili lile vazi lilibanduka vipande vipana kama ganda la ndizi. Nilipoteza fedha mara mbili, na boti nikaikosa.

MwanaZiwa, Goma

Nawashukuru wote, na hasa Mama wa Himbi, kwa maana boti kweli ilikuwa bondeni. Tuliisogeza juu kwa magogo, saa sita mchana, vijana kumi na wawili.

Nimegonga ubao mmoja mmoja. Mkuku ni mzima. Ubao wa kwanza ubavuni mwake, upande wa kushoto, ulitoa ile sauti ya gunia. Nilipochoma, bisibisi iliingia hadi kwenye mpini, na ilipotoka ilikuwa na vumbi la kahawia lenye unyevu, linalonuka kama uyoga. Taruma mbili zilizo juu yake zimeoza vichwa. Kwingine kote bisibisi haikuingia zaidi ya milimita mbili. Injini haikuwa imekwama hata kidogo. Ni shafti iliyoshikwa na kutu pale inapotokea nje.

Swali langu la mwisho: ubao mpya uwe wa mti gani?

Fundi wa Mbao, Bukavu

Hiyo ni habari njema kuliko nilivyotarajia. Tafuta libuyu au muvula iliyokauka kivulini, na usikubali mkaratusi mbichi hata ukipewa bure, kwani hupasuka ukikauka. Toa ubao wa zamani taratibu, maana ndio kipimo cha mpya.

Ukimaliza, ishushe majini wakati wa mbalamwezi, siku ambazo taa haziwavuti sambaza na wavuvi wamepumzika, ili upate mikono. Itavuja, iache imefungwa ufukoni siku mbili ikivimba, huku mtu akikesha na pampu. Baada ya hapo ndipo uipange injini na shafti, kwa sababu boti iliyo juu ya magogo haina umbo lile lile ikielea. Kati ya sahani mbili za kiungo kinachounganisha injini na shafti, tofauti isizidi sehemu ya kumi ya milimita popote.

MwanaZiwa, Goma

Nimelipia ubao mmoja wa libuyu na vipande viwili vya mataruma, na nimewajibu wale mafundi wawili kwamba sitaendelea nao. Fedha iliyobaki inatosha misumari na pamba. Mama ameomba ule ubao wa zamani ukishatolewa uletwe nyumbani, nami nimekubali.