Nani alikupenda kwa tendo? Tupeane uzoefu

Shalom wapendwa. Nilipofiwa na mume wangu, simu ilijaa jumbe za pole, na sidharau hata mmoja. Lakini kuna jirani ambaye hakuandika chochote. Alikuja siku ya nne, turubai limeshashushwa na ndugu wameondoka, akauliza ndoo ziko wapi, akafua mashuka yote waliyolalia wageni. Akaendelea kuja kila Jumamosi hadi nilipopata nguvu. Yakobo 2:16, kwamba haifai kumwambia mhitaji aende kwa amani bila kumpa anachohitaji, niliielewa siku ile, kwenye kamba ya nguo. Naombeni na zenu.

*Mjumbe wa Singida:* Baba alilazwa hospitali ya KCMC wiki tano, na Moshi hatuna ndugu. Mama aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha jirani aliona nakula mihogo tu ili hela ya dawa itoshe. Kesho yake akaja na hotpoti mbili. Hata dhehebu langu hakuniuliza. Mumewe aliporuhusiwa nikajua basi, chakula kimeisha. Wapi! Akawa anamtuma mwanaye na daladala, mchana na jioni, mpaka tulipoondoka.

*Mama wa Kigoma:* Kwenye jumuiya yetu mwenzetu akijifungua tunapeana zamu za kumchotea maji na kumpikia uji. Hatutangazi kanisani. Na jamani, tusiwapige picha watu wakipokea unga. Inaumiza sana, nimeshakuwa upande wa kupokea.

*Mwanakwaya, Dodoma:* Mimi nina la kutubu. Dada mmoja wa sauti ya pili alikosa mazoezi mwezi mzima. Nikamwandikia, "Nakuombea, dada." Kumbe hakuwa na nauli. Bando nililonunua siku ile lingemtosha kwenda na kurudi. Nililia. Siku hizi kabla ya kumwambia mtu namwombea, namuuliza kwanza kama amekula. Maombi sijaacha, ila nimeona jinsi nilivyoyatumia kufunga mazungumzo.

*Mwanzisha mada:* Asante kwa kusema kweli, mpendwa. Ulienda kumwona?

*Mwanakwaya, Dodoma:* Nilienda na nauli ya mwezi kwenye bahasha. Akaipokea, akashukuru. Halafu akasema kinachomshinda zaidi ni kurudi usiku peke yake, kutoka kituoni hadi kwake kuna giza. Sasa kila Jumatano nashuka kituo chake, namsindikiza hadi mlangoni, ndipo naenda kwangu.