Uzamivu wa kitaalamu au PhD ya kawaida, ukiwa kazini muda wote?

Kapilari (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Niko maabara ya udhibiti ubora, upande wa kemia. Uzamili ninao, kuacha kazi sitaki hata kusikia, ila uzamivu nautaka. Nimesoma kurasa za vyuo mpaka zimeanza kufanana. Kwa hali yangu naona njia tatu. Kuna uzamivu wa kitaalamu, ule unaoanza na masomo ya darasani kisha utafiti unaotokana na kazi yako. Kuna PhD ya kawaida kwa muda wa ziada. Halafu kuna PhD kwa machapisho, maana nina makala mbili tatu zilizotoka kwenye majarida. Mlio humo na mliokwisha kupita, tofauti halisi ni ipi? Naomba tusiishie kwenye "inategemea".

Mama Bakteria

Inategemea. (Natania, usinipige.)

Mimi niko kwenye uzamivu wa kitaalamu, sayansi ya tiba, na kazini naingia kila siku kama kawaida. Kwanza tuondoe lile neno "PhD nyepesi". Uingereza, ambako aina hii imeenea sana, uzamivu wa kitaalamu kwa kawaida huwa na krediti 540 (alama za kuhesabu wingi wa masomo), na zisizopungua 360 lazima ziwe za ngazi ya uzamivu wenyewe. Kwa hiyo theluthi moja inaweza kuwa masomo ya takwimu, mbinu za utafiti, uongozi wa huduma na kadhalika, na iliyobaki ni utafiti wenye mchango mpya unaotetewa mbele ya watahini. Tasnifu huwa fupi kuliko ya PhD kwa sababu sehemu ya kazi umeshaipeleka na kusahihishwa kabla. Wahandisi wa huko wana wa kwao tangu 1992, na wanasayansi wa maabara za hospitali England wana mafunzo ya miaka mitano kazini ambayo uzamivu uko ndani yake.

Faida kubwa kwangu ni tarehe za kuwasilisha. Ukiwa umechoka, hamasa haipo, lakini kazi inayotakiwa Ijumaa inakukalisha mezani. Na mnaanza kundi zima, mnasukumana.

Kilichonitesa ni uandishi wa tafakuri. Sisi watu wa maabara tumefundishwa kuandika "sampuli ilipimwa". Ghafla unaambiwa andika "niliamua hivi, sababu ni hizi, na uamuzi ule uliathiri matokeo kwa namna hii". Kazi yangu ya kwanza ilirudi na maoni pembeni: "Wewe uko wapi humu?" Mwaka mzima nilikuwa najifunza kuandika upya.

Dkt. wa Usiku

Nilimaliza PhD kwa muda wa ziada. Hakuna masomo mengi, hakuna kundi, uko wewe na msimamizi na swali lako. Vyuo vingi huhesabu mwaka wa muda wa ziada kama nusu mwaka, kwa hiyo anayesema miaka mitatu, wewe soma sita. Uhuru upo, upweke upo pia. Ikipita miezi miwili hujapeleka kitu, huenda asikuulize mtu, na hapo ndipo wengi wanapotelea.

Ila kuna jambo ambalo watu wa sayansi ya jamii hawalioni wanapotushauri. Maabara haijui kwamba wewe unasoma wikendi. Seli za kukuzwa zinataka kubadilishiwa chakula kila baada ya siku mbili tatu, iwe una kikao au huna. Kwa hiyo swali la utafiti lichague kwa ratiba yako, sio kwa uzuri wake tu. Mimi nilijibana kwenye uchanganuzi ambao mashine inaweza kuendesha yenyewe. Ijumaa jioni wenzangu wakitoka, napanga vichupa kwenye trei, nahakikisha kimiminika cha kusukuma sampuli kupita kwenye mashine kinatosha mpaka asubuhi, naondoka. Jumamosi narudi: kuna siku umepata data ya wiki nzima, na kuna siku pampu imenyonya kiputo cha hewa mapema tu, imejizima, na vichupa vyote vimekaa vinakutazama. Hata hivyo ni bora kuliko kushinda umesimama pale.

Mkosoaji Mstaarabu

Nitasema wazi kwa kuwa wengine wanazunguka. Kapilari, ukitaka kuhamia chuoni kufundisha na kuomba fedha za utafiti, chukua PhD. Kisheria ngazi ni ile ile na utaitwa Dkt. vile vile. Lakini jopo la ajira huangalia machapisho na uzoefu wa utafiti, na PhD inakupa nafasi zaidi ya kuvikusanya. Isitoshe, nje ya nchi zinazoutoa, mjumbe wa jopo anaweza kuwa hajawahi kuuona uzamivu wa kitaalamu, nawe utabaki kueleza wakati wenzako wanajibu maswali ya maana.

Ukitaka kubaki kazini na kupanda ngazi hapo hapo, hoja hii haina uzito. Huko wanataka tatizo litatuliwe.

Na msidanganywe na herufi. "Daktari wa Sayansi" pale MIT, chuo cha Marekani, ni sawasawa na PhD. Uingereza jina hilo hilo ni shahada ya juu zaidi, wanayopewa watu wenye rekodi ndefu ya machapisho. Soma kanuni za chuo, achana na jina lililo kwenye tangazo.

Kalamu ya Risasi

Kuhusu machapisho, kaka, nikukatishe tamaa mapema ili usipoteze ada ya maombi. Makala mbili tatu mara nyingi hazitoshi, na hata zikitosha idadi, lazima ziwe zinajenga hoja moja. Kama kila moja ina mada yake, una shanga, huna mkufu. Utatakiwa uandike insha ndefu ya kuziunganisha, tena waandishi wenzako wathibitishe nani alifanya nini. Hapo ndipo urafiki hupimwa, hasa kama jina lako ni la nne kati ya saba. Vyuo kadhaa huipa njia hii wafanyakazi wao au wahitimu wao tu, basi angalia hilo kabla ya yote.

Ipo namna nyingine: unasajiliwa PhD ya kawaida, halafu sura za tasnifu unaziandika kama makala, unazichapisha moja moja. Kwa mtu wa kazini naipenda hii. Ukikwama mwaka wa nne, angalau una kitu kilichotoka. Wajapani nao wana njia ya zamani ambapo mtu wa viwandani hupeleka tasnifu ikaguliwe na chuo bila kuwa mwanafunzi wa kozi.

Kapilari

Nashukuru sana, hasa Dkt. kwa habari ya pampu, hayo nayajua. Sasa swali jingine. Data yangu yote iko kazini. Tunapima mabaki ya viuatilifu kwenye sampuli za wateja, na nilikuwa nafikiria kufanyia utafiti uhakiki wa mbinu yetu mpya. Bosi nimemgusia, kasema "hakuna shida". Hiyo inatosha?

Fundi wa Mikataba

Haitoshi, mkuu. Hapa ndipo uamuzi wako wote ulipo, kuliko hata aina ya shahada. Uzamivu wa kitaalamu unategemea data ya kazini karibu kwa asilimia mia. Mlango huo ukifungwa mwaka wa tatu, huna tasnifu. Mwenye PhD ya kawaida bado anaweza kutumia maabara ya chuo. Na bosi aliyesema "hakuna shida" anaweza kuhamishwa, akaja mwingine asiyekumbuka chochote.

Pata barua kabla ya kujisajili, na isainiwe na mwenye mamlaka ya kuingia makubaliano kwa niaba ya taasisi. Barua itaje data gani unaruhusiwa kutumia, nani anamiliki kitakachovumbuliwa (chuo nacho kina kanuni zake juu ya hilo), na kitachapishwa lini. Tasnifu ikiwekwa maktaba imekuwa ya umma. Nchi nyingi, Ulaya hasa, ukishatangaza uvumbuzi hadharani kabla ya kuomba hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi), haki hiyo imekwenda. Vyuo vinaweza kufungia tasnifu kwa muda, na watahini wakasaini usiri, lakini hilo hupangwa mapema, sio wiki ya utetezi.

Kwako wewe kuna unafuu: tenganisha mbinu na majibu ya wateja. Kikomo cha ugunduzi (kiasi kidogo kabisa mbinu inachoweza kukiona), urejeshaji (sehemu ya ulichoweka inayopatikana tena), uthabiti wa vipimo, vyote unaweza kuvionyesha kwa sampuli safi ulizoongeza kiasi unachokijua, pamoja na sampuli rejea zenye cheti. Jina la mteja halina sababu ya kuonekana hata mara moja.

Mama Bakteria

Naongezea la kwetu. Sampuli iliyochukuliwa kwa matibabu haigeuki kuwa ya utafiti kwa sababu tu iko kwenye friji lako. Kamati ya maadili inaidhinisha kabla, hairudi nyuma kubariki ulichokwisha kufanya. Na ukitaka kuhoji wafanyakazi walio chini yako, ujue ridhaa yao itatiliwa shaka, maana nani atamkatalia mkubwa wake?

Dkt. wa Usiku

Kapilari, nakuona unaelekea pabaya na neno "uhakiki". Kuhakiki mbinu ni kazi ya kila siku ya maabara. Mtahini atakuuliza jipya ni nini, na jedwali la vikomo halimjibu. Hebu niambie, mbinu yenu inasumbua wapi?

Kapilari

Kwenye sampuli zenye mafuta mengi. Ishara ya mashine inashuka vibaya ingawa kiasi tulichoweka tunakijua.

Dkt. wa Usiku

Basi hilo ndilo. Kwa nini inashuka, ni kundi gani la mafuta linazuia molekuli kupata chaji (bila chaji mashine haizioni), na unaweza kutabiri kabla ya kupima? Hilo linatetewa mbele ya watahini, na kazini kwako wanalihitaji. Tena linafanyika kwa mashine ya Ijumaa usiku.

Fundi wa Mikataba

Kabla hamjafunga, ipo njia ya nne kwa wenye mwajiri mkubwa. Ufaransa tangu 1981 serikali husaidia kampuni kumwajiri mtu afanye uzamivu wa miaka mitatu, na Denmark wana mpango wao ambapo mtafiti ni mwajiriwa wa kampuni na mwanafunzi wa chuo kwa wakati mmoja. Ila huko kazi yako *ndiyo* utafiti. Huwezi kubaki na majukumu ya zamani ukaongeza hayo juu yake.

Kapilari

Hiyo ya nne kwangu haipo, na machapisho naweka kando. Nabaki kati ya mbili za kwanza, na naegemea uzamivu wa kitaalamu kwa sababu chuoni sina haja ya kuhamia. Barua naanza kuiandika leo. La mwisho: wanataka msimamizi mmoja wa chuo na mmoja wa kazini. Huyo wa kazini nimweke bosi?

Mkosoaji Mstaarabu

Usithubutu. Mchukue anayejua kemia hiyo lakini hasaini tathmini yako ya mwaka. Siku utafiti utakapoonyesha kwamba mbinu ya maabara ina kasoro, utataka mtu anayesoma matokeo bila kufikiria bajeti.

Mama Bakteria

Na awe anajibu barua pepe. Wangu ni mtaalamu kweli kweli, ila rasimu ikimfikia mwezi wa kwanza, maoni yanatoka mwezi wa nne.