Kansa ya ini: dawa za hospitali peke yake, za Kichina peke yake, au zote pamoja?

Mtoto_wa_Pili:
Shikamooni wakubwa, naombeni msaada wa kulinganisha maana kichwa kimejaa. Mzee wangu kakutwa na kansa ya ini na imeshaingia kwenye mshipa mkubwa wa ini, kwa hiyo upasuaji wamesema hapana, kaanzishiwa sorafenibu vidonge viwili asubuhi viwili jioni. Ndugu wamegawanyika, huyu anataka dawa ya hospitali tu, yule anataka mzee aiache anywe mitishamba ya Kichina, mi nawaza apewe vyote kwa sababu China kwenyewe mahospitali yanachanganya. Nyie mngefanyaje?

Mfamasia_Zamu:
Pole sana ndugu. Ya mitishamba peke yake iondoe kabisa. Kwenye utafiti mkubwa wa sorafenibu uliotoka 2008 nusu ya waliomeza dawa waliishi zaidi ya miezi 10.7, waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa ni 7.9. Najua ni kidogo lakini imepimwa. Na siku hizi kuna dripu mbili zinazotolewa pamoja, atezolizumabu na bevasizumabu, zilifika miezi 19.2 wakati sorafenibu kwenye utafiti huohuo ilifika 13.4, muulize daktari kama mzee anafaa, ila lazima kwanza apimwe kwa kamera ya kooni maana mishipa ya huko ikiwa imevimba bevasizumabu inaweza kumtoa damu vibaya sana.
Kuhusu kuchanganya, "dawa za Kichina" ni neno pana mno, taja jina la dawa ndo tuongee.

Dada_Mwanaidi:
Mi nasema kuchanganya kunasaidia. Mjomba wangu alikatwa uvimbe wa ini akapewa Huaier, ile ya uyoga, anaendelea vizuri hadi leo. Na utafiti upo wa 2018, watu 1,044 hospitali 39 huko China, baada ya wiki 96 waliotumia Huaier asilimia 62 kansa ilikuwa haijarudi, wasiotumia 49.

Mfamasia_Zamu:
Kweli dada, na ni utafiti ninaouheshimu japo wale wengine hawakupewa hata dawa tupu ya kulinganishia, walijua kabisa hawanywi kitu. Ila angalia walikuwa akina nani: watu ambao uvimbe ulishatolewa wote, kama mjomba wako. Mzee wa mleta mada uvimbe anao, huwezi kuchukua hesabu ya wale ukampa yeye. Cha karibu na hatua yake ni ikaritini inayotoka kwenye mmea wa Epimedium, China waliiruhusu 2022, lakini hiyo ni kemikali moja iliyosafishwa, na waliilenga kwa wasiofaa tiba ya kawaida au walioikataa, sio ya kuongezea juu ya sorafenibu.

Mti_Mkavu:
Mbona mnaidharau tiba ya miaka elfu? Dawa ya malaria si ilitoka hukohuko?

Mfamasia_Zamu:
Ilitoka mkuu, na Tu Youyou, mwanasayansi wa China, akapewa tuzo ya Nobel 2015, sababu alitoa kitu kimoja kwenye mmea, kikapimwa, kikajulikana dozi yake. Sijadharau mmea, naogopa mfuko ambao hujui ndani kuna nini.

Binti_Wa_Asha:
Huo mfuko ndio ulituumiza sisi. Mama alikuwa kwenye dawa ya kansa, tukamletea mchanganyiko wa kuchemsha na hatukumwambia daktari, tuliogopa atafoka. Wiki ya tatu macho ya njano, vipimo vya ini juu, na daktari hana jinsi ya kujua ni kansa au dawa yake au majani yetu, ikabidi asimamishe kila kitu. Zile wiki za kusubiri ini lishuke ndo zinaniuma mpaka leo. Baadaye nikasoma kwamba he shou wu, mzizi wa Kichina, inajulikana kuumiza ini, na mimea ya jamii ya Aristolochia inaua figo na yenyewe inaleta kansa. Jamani mwambieni daktari, akifoka afoke.

Mfamasia_Zamu:
Asante kwa kusema hilo dada, pole sana. Na hata majani yasiyo sumu yana shida yake, sorafenibu inavunjwavunjwa ndani ya ini na kimeng'enya kinaitwa CYP3A4, mmea ukikichochea dawa inapungua mwilini. Danshen, mzizi mwingine wa Kichina, nayo inaongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mpaka mtu anavuja damu, kwa hiyo mzee akihamia kwenye bevasizumabu iwe mbali naye.
Halafu kapimwa homa ya ini B? Kama anayo na hajaanza dawa ya virusi, hicho ndo cha kuongeza kwanza.

Mtoto_wa_Pili:
Nimerudi. Mfuko aliouleta baba mdogo una vitu kumi na moja, vitatu havina jina kabisa, nimeuweka kabatini na hajaonja. Homa ya ini B anayo na dawa ya virusi hana, nimeiandika juu kabisa kwenye karatasi, chini yake dripu mbili na kamera ya kooni. Kliniki ni Alhamisi, naenda na mfuko wenyewe nimwekee daktari mezani.